Barua ya wazi kwa wanaosimamia tiba ya saratani: tuulizeni tunaishi na nani

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vitengo vya saratani, na ninyi mnaokaa kwenye meza za kuandika miongozo,

Salamu kwenu, na poleni kwa kazi. Mimi ni mgonjwa wa limfoma, saratani ya tezi za limfu, niliyemaliza dripu zake za kemotherapi na sasa naja kwenu kwa uchunguzi tu. Sina lalamiko juu ya dawa. Zimenifikisha hapa, na wauguzi waliokuwa wakinitafuta mshipa kwa subira huku mimi nimefumba macho nitawaombea heri maisha yangu yote. Nina jambo moja, na nimelibeba muda mrefu: tangu siku ya majibu ya kipande cha nyama nilichokatwa kupimwa hadi dripu ya mwisho, hakuna aliyewahi kuniuliza nyumbani naishi na nani.

Fomu zenu nilizijaza zote. Umri, uzito, urefu, dawa zinazonidhuru, magonjwa ya ukoo, kama nimewahi kuvuta sigara. Kuna nafasi ya "ndugu wa karibu" na namba yake ya simu, na sote tunajua namba ile huwa inapigwa lini. Lakini nafasi ya kuandika nani ananipikia, nani anaamka usiku nikitapika, nani anafua mashuka, nani ananishika mkono hadi bafuni, haipo. Wala hakuna nafasi ya kuandika kwamba nyumbani kuna mbwa na paka.

Hapo kwenye mbwa najua kuna mtakaocheka. Chekeni tu, halafu mwendelee kusoma, maana karibu nusu ya barua hii inamhusu yeye.

Ilianza kwa sweta. Daktari mmoja kijana aliona manyoya kwenye mkono wa sweta yangu, akauliza nafuga nini, nikamwambia. Akasema, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango: "Waondoe wanyama wote mpaka matibabu yaishe." Akatoka. Jioni hiyo nyumbani kikawa kikao. Mume wangu akasema afya kwanza. Kaka yangu akaanza kupiga simu kutafuta wa kumchukua mbwa. Paka, akasema, ataonekana baadaye. Binti yangu mdogo hakuchangia neno. Alimvua Simba, mbwa wetu, mkanda wa shingoni, akaukunja, akautia kwenye mkoba wake wa shule, akafunga zipu. Bila mkanda mbwa hapelekwi popote, ndivyo alivyopiga hesabu zake.

Sisemi kwamba daktari yule hakuwa na sababu ya kuogopa. Tiba tuliyokuwa tukipewa huwinda seli zinazogawanyika haraka, na haitengi za saratani na za kawaida. Ndiyo maana nywele hudondoka, mdomo huota vidonda, tumbo huvurugika. Zito zaidi liko ndani ya uboho, damu inakotengenezwa: kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hushuka kuliko wakati mwingine wowote. Siku hizo mkwaruzo wa kucha za paka si wa kupuuzwa. Mate ya mbwa yana bakteria ambao mtu mwenye afya hata hawasikii, lakini wakikuta mwili usio na kinga wanaweza kuingia kwenye damu. Kobe, mijusi na vifaranga hubeba bakteria wa salmonela, na hao mgonjwa akae nao mbali kweli.

Lakini hatari ikishajulikana hupita wapi, pale inapopita panazibika. Chukueni paka, anayesingiziwa kuliko wote. Kinachoogopwa kwake ni kimelea cha toksoplasma, kinachotoka kwenye kinyesi. Kikishatoka huchukua siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo mtu mwingine wa nyumbani akizoa mchanga wa paka kila siku, amevaa glavu, na mgonjwa asiuguse, hatari hiyo imepungua sana. Paka huyo azuiwe kuwinda na asilishwe nyama mbichi. Mbwa achanjwe, apewe dawa ya minyoo, asilambe uso wa mgonjwa wala penye kidonda au mrija wa dawa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Haya yote yanaenea upande mmoja wa karatasi, na nafasi inabaki. Neno "waondoe" ni fupi zaidi, hilo nalikubali.

Mimi maelezo hayo niliyapata kwa daktari wa mifugo. Tulikuwa tumempeleka Simba kuchanjwa kabla hajahamishwa, na mume wangu akaeleza kwa nini anahamishwa. Yule daktari akaomba kuona orodha ya dawa zangu. Akaisoma kwa sauti, saiklofosfamaidi, doksorubisini, vinkristini, prednisoloni, kisha akainua uso: "Hizi nazifahamu. Mbwa wakipata limfoma nawapa hizi hizi." Na ndivyo ilivyo. Dawa hizo nne, zinazotibu binadamu wengi wenye limfoma, ndizo msingi wa tiba ya limfoma ya mbwa, ingawa mbwa hupimiwa dozi nyepesi zaidi ili wasiumie sana. Nilijisikia vizuri ajabu kusikia hivyo. Tangu nianze kuumwa nilikuwa sijakutana na mtu anayezitaja dawa zangu kama mtu anavyotaja majirani zake.

Alitukalisha kitako. Kwanza akatueleza ya mnyama kuja kwa mgonjwa, yale niliyoyaandika hapo juu. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: nani anamwaga beseni la matapishi, na anavaa nini mikononi?

Mume wangu akaitazama mikono yake.

Dawa hizi hazikai mwilini zikaisha kimyakimya. Kwa siku 2 hivi baada ya dripu, pengine 3, mabaki yake hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha anatakiwa kuvaa glavu. Choo kifunikwe kabla ya kuvuta maji, na kiendelee kufunikwa, kwa sababu wapo mbwa wanaokunywa maji ya chooni. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Ule mkojo mwekundu uliomtoa binti yangu mkubwa machozi akidhani ni damu ulikuwa ni rangi ya doksorubisini yenyewe, na huondoka baada ya siku moja au mbili. Kumbe hatari ilikuwa inakwenda pande zote, na hospitali ilikuwa imetuonya upande wa mnyama peke yake. Dripu baada ya dripu mume wangu alikuwa anamwaga lile beseni kwa mikono mitupu, na siku ya dripu alikuwa amekaa mita chache kutoka kwa watu ambao wangeweza kumwambia.

Simba hakuhamishwa. Mkanda ukatoka kwenye mkoba.

Sasa niwaambie alifanya nini huyo mbwa, maana mnaandika sana juu ya "ubora wa maisha ya mgonjwa" na nadhani mngependa kujua unafananaje. Prednisoloni nilipewa kwa siku 5 kila mzunguko, na yeyote aliyeinywa anajua usingizi unavyokimbia. Saa nane za usiku macho makavu, moyo unaenda mbio, njaa isiyo na adabu, na kichwa kinapanga mazishi. Ukiamsha mtu, atakaa na wewe, lakini kesho ana kazi, na wewe utamhesabia kila mwayo. Mbwa anaamka, anajinyoosha, anakufuata jikoni, analala juu ya miguu yako. Hamdaiani.

Halafu kuna kutembea. Mnatusisitiza tutembee, na mko sahihi, kwani mazoezi mepesi ni miongoni mwa vitu vichache vinavyopunguza ule uchovu wa saratani ambao kulala hakuutibu. Lakini kumwambia mtu mwenye uchovu huo "jitahidi kutembea" ni kumpa ushauri ambao hana mahali pa kuuweka. Nyumbani kwangu kila mtu alikuwa anasoma uso wangu kabla hajafungua mdomo. Simba alikuwa anatazama mkono wangu tu, kuona kama nimeshika kamba. Vinkristini ilikuwa imeniachia ganzi kwenye ncha za vidole, siwezi kufunga kifungo wala kile kibano cha mkanda wake, hivyo binti yangu mdogo alikuwa anamfunga kabla ya kwenda shule, na mimi natoka naye taratibu, siku nyingine hadi getini tu na kurudi. Siku za chembe nyeupe kushuka, mume wangu ndiye aliyekuwa anamshika kamba, mimi natembea kando yao nikikwepa watu wengi. Ndivyo tulivyogawana kazi, na kila mmoja alijua yake.

Sidai kwamba mbwa anatibu limfoma. Tafiti nyingi za wanyama wanaopelekwa wodini kuliwaza wagonjwa ni ndogo, na matokeo yake hayafanani. Lakini Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani na hapo kwenu hukatwa keki, aliandika katika karne ya 19 kwamba mnyama mdogo wa kufugwa mara nyingi ni mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa aliyeugua muda mrefu. Keki mmeichukua. Hili nalo lipokeeni.

Nije kwa wale wa miguu miwili.

Siku ya dripu, kabla ya rituksimabu, dawa nyingine ya limfoma, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia mwili usiikatae, na mojawapo ni ile ya mzio inayoleta usingizi. Ni utaratibu mzuri. Lakini baada ya hapo, nikiwa nusu naota, ndipo anakuja mtu na maelezo ya nyumbani: kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara kwa sababu saiklofosfamaidi huchoma kibofu, vidonge vya kichefuchefu hivi asubuhi na hivi jioni, ukiona hivi fanya vile. Naitikia kwa kichwa. Naweka sahihi. Mtu atakayefanya hayo yote, aliyelala vizuri na mwenye kalamu mfukoni, yuko nje ya mlango ulioandikwa "Ndugu wasubiri hapa". Nimejaribu kuelewa hekima ya mlango ule na bado sijaipata. Nafasi ni ndogo, sawa. Maambukizi, sawa. Lakini maelezo yanaweza kutolewa nje ya mlango, kwa aliye macho.

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa saratani zaidi ya 700,000. Waliokuwa kwenye ndoa kwa jumla walikuwa wamegunduliwa mapema zaidi, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata tiba kamili, na saratani iliwaua wachache zaidi kwa kulinganisha na wasio na wenzi. Cheti cha ndoa si dawa, hakuna aliyesema hivyo. Watafiti wenyewe walielekeza kidole kwenye msaada: mtu anayekwambia uvimbe huo kaonyeshe, anayekupeleka, anayehesabu vidonge. Mtu huyo anaweza kuwa mume, dada, mwanao, au rafiki mliyepanga naye nyumba. Kwenye faili lenu hayumo.

Usiku wa homa ndio ulionifanya niamue kuandika. Kadi mnayotupa inasema joto likifika nyuzi 38 ni dharura, piga simu. Ni sahihi kabisa. Mgonjwa aliyeishiwa chembe nyeupe akipata homa, vijidudu vinaweza kumwangusha kwa saa chache, na miongozo inataka apate antibiotiki kwenye mshipa ndani ya saa moja. Kipimajoto kilisoma 38.2. Mume wangu akapiga ile namba. Ikaita kwenye ofisi iliyofungwa tangu alasiri. Akapiga tena. Dada yangu, aliyekuwa amehamia kwetu kunisaidia, akasema tunangoja nini, twende. Huko mapokezi ya dharura tukaambiwa tufuate foleni, nami sikuonekana mgonjwa sana, kwa sababu mwili usio na chembe nyeupe hauna hata cha kutengenezea usaha. Aliyenitoa kwenye foleni ni dada yangu. Alikuwa amesoma ile kadi mpaka kuikariri, akaiweka juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye mstari, akasema kwa sauti ya chini ambayo watu wa kwetu tunaiogopa: "Soma hapa, baba." Nikapata antibiotiki.

Huyo dada alipungua mwili kuliko mimi. Kila aliyekuja kuniona alimshukuru, na hakuna aliyemuuliza kama amelala. Katika kliniki zenu mna mtu wa ushauri nasaha kwa wagonjwa. Je, muuguzaji akigonga mlango ule anakaribishwa? Naomba jibu, maana tuliambiwa mara mbili tofauti.

Na mimi nina bahati, nina watu. Kwenye viti vya kusubiri nilikuwa nakaa karibu na mama mmoja wa makamo anayeishi peke yake na paka mzee. Alikuwa anahitaji kulazwa. Akawa anaahirisha, kila wiki ana sababu mpya, na kwenye faili lake, alivyoniambia mwenyewe, waliandika kwamba hana ushirikiano. Sababu ilikuwa moja: hakuwa na wa kumlisha paka. Aliona aibu kuwaambia madaktari. Swali moja kwenye fomu, "Ukilazwa, nani atabaki na wanaokutegemea, wakiwemo wanyama?", lingemtoa aibu hiyo, na mtu wa ustawi wa jamii angepiga simu mbili tatu akapata kituo au jirani wa kumhifadhi. Alipopatikana jirani, alilazwa kesho yake.

Mwingine alikuwa wa mionzi. Alikuwa analala chumba cha pekee, hapakati wajukuu, hamgusi mbwa wake, akiamini mionzi ya mashine inabaki mwilini na kuwaunguza wengine. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemwambia chochote, basi akajaziwa na mitaa. Mionzi ya mashine ya nje haibaki. Inayotaka kukaa mbali na watu na wanyama kwa siku kadhaa ni iodini ya mionzi inayomezwa, ya saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni, na anayepewa hiyo ndiye aelezwe kwa makini, pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Ninachoomba kinaweza kuanza bila bajeti mpya, isipokuwa kimoja. Ongezeni kwenye fomu ya kwanza mistari miwili: unaishi na nani, na unafuga nini. Andikeni ile karatasi ya upande mmoja juu ya wanyama na juu ya usafi wa siku za dripu, kwa lugha ambayo mama mkwe wangu ataisoma bila kuita mtu. Mwiteni daktari wa mifugo mmoja awasaidie kuiandika, atakuja. Mruhusuni mtu mmoja, ambaye mgonjwa mwenyewe amemtaja, asikilize maelezo ya nyumbani kabla dawa ya usingizi haijaingia mshipani. Anayeogopa wanyama aendelee kuwaogopa, hayo yake, lakini kabla hajamwambia mgonjwa aondoe mnyama aandike sababu kwenye faili na asaini, kama anavyofanya akizuia dawa. Nasi tutaheshimu, kwa sababu siku nyingine sababu itakuwepo kweli: mgonjwa wa kupandikizwa uboho, kwa mfano, ana masharti makali kuliko yangu.

Kinachohitaji fedha ni simu ya usiku. Awepo mtu upande wa pili, anayejua maana ya nyuzi 38 kwa mgonjwa wa dripu, na awe na uwezo wa kuwapigia watu wa mapokezi kabla hatujafika. Hiyo nawaomba mwianze kabla ya yote mengine, hata kabla ya mstari wa mbwa. Simba hatachukia.

Majibu yenu nayasubiri. Msinitumie mimi peke yangu; yabandikeni kwenye ule mlango wa "Ndugu wasubiri hapa", upande wa nje, kwa maandishi makubwa, kwa kuwa wanaotakiwa kuyasoma wamekaa hapo.

Wenu,
Mgonjwa wa limfoma, kliniki ya uchunguzi